Mtoto wa miezi sita analindwa na nani?

Mtoto wa miezi sita hajachanjwa surua. Mama yake si mzembe, wala si kwamba kliniki imeishiwa chanjo. Ratiba yenyewe inamtaka asubiri: miezi tisa katika nchi ambako surua bado inazunguka sana, mwaka mmoja katika nchi nyingi ambako imekuwa nadra. Virusi vya surua vinaambukiza kuliko karibu virusi vyote tunavyovijua, na vikimfikia kabla ya siku hiyo vitamkuta na kingamwili (protini za damu zinazopambana na vimelea) alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma, basi. Hizo nazo hupungua wiki hadi wiki.

Swali la nani anamlinda mtoto huyu nimekaa nalo muda mrefu kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Tulikuwa tunazungumza habari za watoto, akaniambia: “Mdogo wangu, kama chanjo inafanya kazi, wa kwako si amechanjwa? Sasa wangu asipochanjwa, wewe kinakuuma nini?” Dada si mtu wa kubisha kwa ajili ya kubisha. Alitaka kujua, na hoja yake ina mantiki: sindano inaingia kwenye mkono wa mtu mmoja, kwa hiyo faida yake ingetarajiwa ikomee kwa huyo huyo. Nilimjibu kwa kifupi kwamba wangu wa kwanza amechanjwa, wa pili bado hajafika miezi tisa. Jibu refu ndilo ninaloliandika hapa.

Kwanza, kwa nini mtoto asubiri? Chanjo ya surua ni virusi hai vya surua vilivyodhoofishwa. Ili mwili ujifunze, virusi hivyo lazima vipate nafasi ya kuzaliana kidogo. Kingamwili za mama zinazomlinda mtoto dhidi ya surua yenyewe haziwezi kutofautisha virusi vya ugonjwa na virusi vya chanjo, zinavifuta vyote. Ukimchanja mtoto mapema mno, dozi inapotea bure. Akifika miezi tisa, watoto wapatao 85 kati ya 100 huitikia chanjo na kupata kinga. Wakivuka mwaka mmoja idadi hiyo hupanda zaidi. Mlipuko ukitokea, wataalamu huruhusu kuchanja kuanzia miezi sita, lakini dozi hiyo huitwa dozi sifuri na haihesabiwi. Mtoto atachanjwa tena wakati wake ukifika. Kwa hiyo lipo pengo ambalo hakuna mzazi anayeweza kuliziba kwa kuwahi kliniki. Zile kingamwili za mama zinakwisha kabla chanjo haijaweza kushika sawasawa.

Mtoto akishachanjwa, kazi inayofanyika ndani yake ni ya kustaajabisha. Baadhi ya seli nyeupe za damu hutambua umbo la virusi, hujigawa, na kuanza kutengeneza kingamwili zinazolingana na umbo hilo hilo. Hili huchukua takriban wiki mbili. Wengi wa askari hao hufa kazi ikiisha, lakini wachache hubaki kwa miaka mingi wakiwa na kumbukumbu. Virusi vya kweli vikija baadaye, mwili hauanzi kujifunza upya. Unajibu ndani ya siku chache, mara nyingi kabla mtu hajajua kwamba aliguswa.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Surua inafuta kumbukumbu hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopima damu za watoto kabla na baada ya kuugua, uligundua kwamba surua iliwaondolea kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona vipele, macho mekundu yanakwisha, familia inashukuru, halafu miezi inayofuata anaugua nimonia au kuhara kutokana na vimelea ambavyo mwili wake ulikuwa umeshavishinda zamani. Kifo kikitokea hapo, mara nyingi hakuna anayekihusisha na surua. Tangu nijue hili sipendi kabisa kusikia mtu akisema surua ni ugonjwa wa kawaida wa utotoni.

Nirudi kwa hoja ya dada. Kuna chanjo moja ambayo kwayo angekuwa sahihi karibu kabisa, nayo ni ya pepopunda. Bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama. Wanaingia kwa kidonda, kwa msumari, kwa wembe mchafu uliokatia kitovu. Mgonjwa wa pepopunda hamwambukizi mtu. Hata watu wote wanaokuzunguka wawe wamechanjwa, wewe usiyechanjwa ukikanyaga msumari uko peke yako. Anayeweza kuugawa ulinzi huo ni mama mjamzito tu: akichanjwa, kingamwili zake humfikia mtoto aliye tumboni na kumlinda katika wiki za mwanzo, ambazo ndizo za hatari kubwa kwa kitovu kibichi.

Surua iko upande wa pili kabisa. Hakuna udongo inakojificha, hakuna mnyama anayeitunza. Inaishi kwa kupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, tena kwa hewa. Mgonjwa akiondoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili, na atakayeingia baadaye akavivuta hatajua hata aliyevileta ni nani. Mgonjwa huanza kuambukiza takriban siku nne kabla ya vipele kutokea, wakati kila mtu anadhani ni mafua. Akiwa katikati ya watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Ebola, pamoja na kutisha kwake kote, huambukiza takriban wawili.

Hesabu ya kuizuia ni nyepesi, na ningependa kila mzazi aifanye mwenyewe. Tuseme mgonjwa mmoja angeweza kuambukiza watu 18. Kama 17 kati yao wana kinga, atampata mmoja tu, na huyo mmoja atampata mmoja, na ugonjwa utasuasua. Kumi na saba kati ya kumi na nane ni asilimia 94 na kidogo. Ndiyo maana lengo linalotajwa kila mahali ni asilimia 95 kwa dozi zote mbili. Kinga ikifika kiwango hicho, mnyororo wa maambukizi unakatika mara kwa mara, na mtoto wa miezi sita anaishi mahali ambapo virusi havimfikii. Hiyo ndiyo kinga ya jamii. Mtoto mwenyewe hajabadilika chochote mwilini. Waliobadilika ni watu waliomzunguka.

Sasa chukua watoto 1,000 waliozaliwa mwaka mmoja. Tuseme 900 wamepata dozi moja wakiwa na miezi tisa, jambo ambalo afisa yeyote wa afya angelifurahia. Walioitikia ni asilimia 85, yaani 765. Waliobaki bila kinga ni 235: mia moja hawakuchanjwa, na 135 walichanjwa lakini mwili haukuitikia. Hao 135 wana kadi nzuri, wazazi wao walifanya kila kitu, na hakuna alama inayowatambulisha. Mwaka unaofuata wanaongezeka 235 wengine. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya miaka minne wanakaribia 1,000, idadi ya kizazi kizima cha mwaka mmoja, wamekaa kimya wanamsubiri mgonjwa wa kwanza. Hii ndiyo sababu surua hutulia miaka kadhaa halafu ikalipuka, watu wakashangaa imetoka wapi. Na ndiyo sababu kuna dozi ya pili. Wengi huidhani ni ya kuongeza nguvu ile ya kwanza. Kazi yake hasa ni kuwapata wale ambao ya kwanza haikuwashika, na baada ya dozi mbili wenye kinga hufika takriban 97 kati ya 100.

Kwa mwaka 2023, duniani kote, asilimia 83 ya watoto walipata dozi ya kwanza na asilimia 74 ya pili. Wastani huo nao unaficha mengi, kwa sababu virusi havisafiri kwa wastani. Eneo moja likiwa na asilimia 99 na jingine 60, surua italikuta lile la 60.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Samoa, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki yenye watu takriban 200,000. Julai 2018 watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanjo haikuwa na kosa. Chanjo hiyo huja ikiwa unga, na wauguzi waliichanganya na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji, tena iliyopitwa na muda, badala ya maji yake maalumu. Wauguzi hao walikiri mahakamani na kufungwa. Lakini huduma ya chanjo ilikuwa imesimamishwa kwa miezi kadhaa, na hata iliporejeshwa wazazi wengi hawakurudi. Nani angewalaumu? Waliochanjwa wakashuka hadi karibu theluthi moja ya watoto. Mwaka 2019 surua ikaingia. Watu zaidi ya 5,700 waliugua na 83 walikufa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, wakiwemo wachanga ambao umri wao wa kuchanjwa ulikuwa haujafika.

Mwezi Desemba serikali ilifunga shughuli kwa siku mbili, ikaziomba familia ambazo hazijachanjwa zitundike kitambaa chekundu nje ya nyumba ili timu za chanjo zijue pa kusimama. Ndani ya wiki chache kiwango kilipanda hadi takriban asilimia 95, na mlipuko ukazimika. Nikiisoma habari hii naona mambo mawili kwa pamoja. Kinga ya jamii inaweza kujengwa haraka sana watu wakiamua. Na inasimama juu ya uaminifu, na uaminifu unakaa mikononi mwa muuguzi mmoja na chupa moja.

Muuguzi mmoja aliwahi kunionyesha chupa hiyo kabla hajaifungua. Ni ndogo kuliko kidole gumba changu, kioo cha kahawia, na chini yake kuna unga mkavu kidogo tu. Juu ya kifuniko pana alama: duara la zambarau lenye mraba mweupe katikati. Alama hiyo inatunza kumbukumbu ya joto. Kila chupa inapokaa nje ya baridi, mraba unaingia giza, na haurudi kuwa mweupe hata ukiirudisha kwenye jokofu. Mraba ukilingana rangi na duara au kulizidi, chupa inatupwa. Wa siku ile ulikuwa bado mweupe. Kisha akanionyesha ampuli ya maji ya kuchanganyia, akalinganisha kampuni iliyotengeneza unga na iliyotengeneza maji, akasoma tarehe kwa sauti, akaandika saa ya kuchanganya. Baada ya saa sita kilichobaki humwagwa. Nikamuuliza kama huwa anafanya hivi kila mara au ni kwa sababu yangu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa ananawa mikono.

Chupa hiyo ina dozi kumi, na hapo pana tatizo lisilozungumzwa sana. Akija mama mmoja na mtoto mmoja, kuifungua ni kukubali kwamba dozi tisa zinaweza kumwagwa. Kwa hofu ya kupoteza, baadhi ya vituo humwambia mama arudi siku ya watoto wengi. Mama ametembea, ameomba ruhusa kazini, amembeba mgonjwa mwingine mgongoni. Wapo wanaorudi na wapo wasiorudi. Kwa maoni yangu chupa ifunguliwe. Dozi tisa zilizomwagwa zinaweza kununuliwa tena.

Kuna watoto ambao kwao kusubiri hakuna mwisho wa miezi tisa. Mtoto anayetibiwa saratani ya damu haruhusiwi chanjo ya virusi hai wakati wa tiba, kwa sababu kinga yake imeshushwa na dawa. Aliyepandikizwa uboho anaweza kupoteza kinga zote alizokuwa nazo, na inabidi achanjwe upya kama mtoto mchanga, baada ya muda. Mjamzito hachanjwi surua wala rubela. Hawa wote wanaishi kwa kinga ya wengine. Rubela hasa ni mfano mzuri wa kuchanjwa kwa ajili ya mtu mwingine: kwa mtoto wa kiume ni homa nyepesi na vipele vya siku tatu, lakini akimwambukiza mjamzito katika miezi ya mwanzo, mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, au na moyo wenye kasoro. Tunamchanja mvulana ili asiwe njia.

Wakati mwingine ulinzi unavuka hata pale usipotarajiwa. Australia ilipoanza mwaka 2007 kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, madaktari waliona baada ya miaka michache kwamba vinundu vya sehemu za siri vinavyoletwa na aina nyingine za virusi hivyo vimepungua pia kwa vijana wa kiume, ambao hawakuwa wamechanjwa.

Watu huniuliza: mbona ndui ilimalizwa bila kufikia asilimia 95 kila mahali? Ndui ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Mgonjwa wake aliambukiza hasa baada ya kuonekana anaumwa, na chanjo iliweza kumsaidia hata mtu aliyekwisha kuguswa na virusi siku chache nyuma. Kwa hiyo wachanjaji waliweza kumtafuta mgonjwa, kumtenga, na kuchanja wote waliomzunguka. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Aliwahi kukwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Aliambukizwa katika safari fupi ya gari pamoja na wagonjwa wawili aliokuwa akiwaonyesha njia. Waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu wakachanjwa mjini, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kutoka kwake. Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye kampeni za polio, akienda kuwashawishi wazazi wenye hofu kwa kuwasimulia yaliyompata, na alifariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Kwa surua mbinu ile haitoshi. Kabla hujamtambua mgonjwa kwa vipele, ameshaambukiza kwa siku nne. Ukuta wa kuizuia lazima uwe umejengwa kabla hajafika.

Hofu za wazazi nazichukulia kwa uzito, kwa sababu nyingi zinatoka kwenye upendo. Chanjo ina madhara: mkono kuuma, homa ya siku moja au mbili, vipele vichache. Mzio mkali upo, takriban mara moja kwa kila dozi milioni, na ndiyo sababu unaombwa ukae kituoni kidogo kabla ya kuondoka. Surua yenyewe, hata penye hospitali nzuri, huua mtoto mmoja hadi watatu kati ya 1,000 wanaougua, na huwaletea uvimbe wa ubongo mmoja kati ya 1,000. Penye utapiamlo na upungufu wa vitamini A vifo ni vingi zaidi. Dai kwamba chanjo ya surua inaleta usonji lilianzia kwenye makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akanyang'anywa leseni ya udaktari. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Dada aliposikia habari ya dozi ya pili aliitafuta kadi ya mwanawe. Kisanduku cha dozi ya kwanza kilikuwa na tarehe, cha pili kitupu. Alikuwa na yakini kwamba wamemaliza, na si yeye peke yake; baada ya ile ya miezi tisa wazazi wengi huacha kwenda kliniki kwa sababu mtoto ana afya na safari za kila mwezi zimekwisha. Aliogopa kwamba muda umepita na itabidi kuanza upya. Hapana. Dozi ya kwanza inabaki kuhesabiwa hata ikipita miaka. Mtoto anaendelea pale alipoishia, na dozi ya pili akiipata kwa kuchelewa bado inafanya kazi yake. Mafua madogo au homa ndogo si sababu ya kuahirisha. Kadi ikipotea na hakuna kumbukumbu yoyote kituoni, mtoto huchanjwa kama ambaye hajawahi, kwa sababu kumrudishia dozi aliyokwisha kuipata hakumdhuru.